Kazi Imekwisha, Pesa Iko Njiani

FUNDI WA ALUMINIUM: Madirisha niliyafunga mwezi wa tatu mwaka jana. Watu wameshahamia na mapazia wametundika. Jioni nikipita pale Dodoma naona taa zinawaka nyuma ya vioo vyangu. Mkataba ulikuwa wa shilingi 62,000,000. Nilipewa asilimia 30 ya kuanzia, yaani milioni 18 na laki sita, baadaye nikaongezewa milioni 16. Zimebaki milioni 27 na laki nne. Nauliza hivi: nchi hii ina sheria ya kunipatia hela yangu, au nimwachie Mungu?

MKANDARASI MKUU: Mzee wangu, hakuna aliyekataa kukulipa. Hati ya malipo namba 7, yenye madirisha yako, iko kwa mshitiri, yaani taasisi ya umma yenye jengo, na huu ni mwezi wa nane. Mhandisi mshauri ameshaisaini. Kinachosubiriwa ni fedha. Na mkataba wako, kifungu cha 11, unasema utalipwa nikilipwa. Tuko kwenye foleni moja, mimi nimetangulia tu.

FUNDI: Foleni hiyo nani aliniweka? Mkataba nilipewa ofisini kwako saa kumi na moja jioni, kurasa 14 za Kiingereza, nikaambiwa Mzee saini hapa na hapa ili kesho uchukue malipo ya kuanzia. Mshitiri mimi simjui. Kwenye zabuni sikuwepo. Faida ukipata huniiti tugawane, Injinia. Hasara ndiyo unaniita?

WAKILI: Mzee, kwanza nikupe habari mbaya. Uingereza kifungu kama hicho ni batili tangu sheria yao ya 1996 ilipoanza kutumika 1998. Mkandarasi mkuu hawezi kumwambia mkandarasi msaidizi wake "nasubiri wa juu yangu", isipokuwa huyo wa juu amefilisika. Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo. Tuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo inaheshimu walichokubaliana watu wazima kwa hiari yao. Hakimu hatakusikitikia kwa sababu hukusoma kurasa 14.

MKANDARASI MKUU: Asante, Wakili.

WAKILI: Usinishukuru mapema. "Utalipwa nikilipwa" inasomeka kwa namna mbili. Ya kwanza, nikilipwa ndipo deni linazaliwa. Ya pili, deni lipo tangu kazi ilipokamilika, na malipo ya mshitiri yanapanga tarehe tu. Kama ni tarehe, haiwezi kuwa siku ya kiyama. Ni muda wa kuridhisha, ukipita unadaiwa, umelipwa hujalipwa. Nimekisoma kifungu chako. Hakisemi popote kwamba usipolipwa kabisa, Mzee naye asilipwe kabisa. Kwa upande wake ningesimama hapo na nisingesogea.

MKANDARASI MKUU: Muda wa kuridhisha kwa nani? Mimi nilinunua saruji na nondo kwa mkopo. Benki inakata riba kila tarehe 5, haijui hati namba 7 ni nini. Nikimlipa Mzee leo namlipa kwa mkopo mwingine. Mnataka kila mkandarasi mzawa awe benki ya Serikali kwenda juu na benki ya mafundi kwenda chini?

MKADIRIAJI MAJENZI: Ndivyo ilivyo sasa, Injinia, ila benki ni yeye. Profaili, vioo, mipira, silikoni, vyote alinunua kwa hela yake kabla hujamwongezea hata senti juu ya malipo ya kuanzia. Naongea kama mtu aliyepima kazi hiyo kwa futi kamba yake mwenyewe.

FUNDI: Na risiti, mseme na risiti! Mhasibu wake aliniambia bila risiti ya EFD hati haiendi kwa mshitiri. Nikakata risiti ya milioni 21 na laki mbili. Mwezi uliofuata TRA wanataka VAT yao, asilimia 18, ndani ya hela ambayo sijaiona. Zaidi ya milioni 3 nimelipa kodi ya pesa ya kufikirika. Mbona TRA mimi siwaambii "nitawalipa nikilipwa"?

MKANDARASI MKUU: Hilo nakubali ni tatizo. Lakini hilo kashitaki TRA, usinishitaki mimi.

MKADIRIAJI: Halafu angalieni hesabu. Milioni 27 na laki nne si deni la aina moja. Milioni 6 na laki mbili ni asilimia 10 ya mkataba, fedha ya zuio mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Matazamio ya nani? Kifungu kinasema ya jengo zima. Madirisha yalikamilika mwezi wa tatu, jengo likakabidhiwa mwezi wa kumi na moja, na matazamio ni miezi 12 kuanzia hapo. Anasubiri kasoro za lifti, mabomba na rangi, mambo ambayo hakuyagusa.

MKANDARASI MKUU: Kwa sababu na mimi zuio langu linashikwa hivyo hivyo.

FUNDI: Mnasikia? Kila ukimgusa anasema "na mimi". Mwenye ukucha naye analalamika ukucha unamuuma.

WAKILI: Tuachane na zuio kwa leo, halijaiva. Tuzungumzie milioni 21 na laki mbili. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza deni la mkataba lisilozidi milioni 30. Mzee anaweza kusimama mwenyewe, kwa Kiswahili, na gharama zake ni ndogo. Muda anao. Madai ya mkataba yana miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Ule ujumbe wako wa WhatsApp, Injinia, "Mzee vumilia, hela yako ipo, ikitoka tu nakutumia", umempa miaka mingine 6.

MKANDARASI MKUU: Ujumbe wa simu ni ushahidi?

WAKILI: Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kumbukumbu ya kielektroniki inapokelewa, mradi aonyeshe imetoka wapi na haijachezewa. Simu yenyewe aitunze. Picha ya kioo peke yake utabishana nayo, na ningekuwa wakili wako ningebishana nayo kweli.

FUNDI: Simu nimeshabadilisha.

WAKILI: Mzee!

FUNDI: Ile iliingia maji. Laini ni ileile.

(Mwandishi: nimeacha mstari huo kama ulivyosemwa. Kesi nyingi za ujenzi hufia hapo, kwenye simu iliyoingia maji na daftari la saiti lililobaki kwenye kontena.)

MKADIRIAJI: Karatasi za vipimo ninazo mimi, zina saini za pande zote mbili. Hati za kupokelea mzigo zipo. Simu isiwatishe.

MKANDARASI MKUU: Vizuri, twende mahakamani. Nikifika pale hata madai sijibu. Naonyesha kifungu cha 19: mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 iko upande wangu. Shauri linasimamishwa, Mzee anarudi nyumbani na nauli yake.

WAKILI: Ni kweli, ukiomba kabla hujachukua hatua nyingine yoyote ndani ya shauri. Ukishajibu madai umekubali mahakama. Ila nikuulize, kifungu cha 19 kimetoka wapi?

MKANDARASI MKUU: Kwenye mkataba wetu na mshitiri. Tunatumia kielelezo kilekile.

WAKILI: Mkataba wa bilioni 4 umenakiliwa kwa kazi ya milioni 62. Msuluhishi analipwa, ukumbi unalipiwa, na ada ya kufungua inatangulia. Kwa deni la milioni 21, usuluhishi unaweza kumeza sehemu nono ya kile anachokidai. Baraza la Taifa la Ujenzi lina kanuni zake na watu wanaojua boriti na zege, nami kwa mgogoro wa bilioni ningekimbilia kwao kabla ya jaji. Lakini kwa fundi wa madirisha, kifungu hicho ni ukuta uliochorwa mlango.

MKANDARASI MKUU: Aliusaini.

FUNDI: Nilisaini! Nilisaini! Na wewe ulisaini kwamba nikimaliza nalipwa. Mbona saini yangu ina nguvu kuliko yako?

MKANDARASI MKUU: Kama tunaanikana, tuanikane. Madirisha 9 ya ghorofa ya tatu, ule upande unaopigwa na upepo, yalivuja. Maji yakashuka mpaka kwenye dari ya jipsamu ya ghorofa ya pili. Nilipaka rangi upya, nikabadilisha dari. Hizo ni milioni 3 za kukata.

FUNDI: Yalivuja kwa sababu waashi wako hawajui timazi! Uwazi wa dirisha chini una sentimeta 150, juu 153. Mimi fremu yangu imenyooka. Pale juu nikajaza silikoni kidole kizima, nikakwambia lipu irudiwe. Ulijibu nini? "Mzee, funga tu, wageni wanakuja kukagua."

MKADIRIAJI: Nilikuwepo. Hayo ya uwazi ni kweli, nilipima. Ila Mzee, ulimwambia kwa mdomo. Kitabu cha maagizo ya saiti kilikuwa mezani, hukuandika. Na wewe Injinia, kukata milioni 3 kunahitaji taarifa ya maandishi wakati kasoro inatokea, ili mwenye kazi apewe nafasi ya kuirekebisha. Hukutoa. Umezikumbuka milioni 3 baada ya kusikia neno mahakama.

MKANDARASI MKUU: Na usajili wake wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, je? Nimeambiwa mwaka ule alichelewa kulipa ada.

WAKILI: Jambo hilo ni la hatari kwake, sikatai. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 haichezi na anayefanya kazi bila usajili hai, na mdaiwa yeyote atajaribu kusema mkataba ulikuwa haramu toka mwanzo. Mzee, risiti ya ada ya mwaka ule itafute leo. Ila Injinia, ukiisimamisha hoja hiyo, Bodi nayo itauliza nani alimpa kazi mtu asiye na usajili hai kwenye mradi wa umma. Na hata mkataba ukianguka, Sheria ya Mikataba inasema mtu akikufanyia jambo halali bila nia ya kukupa bure, nawe ukafaidika nalo, unamfidia. Madirisha yapo. Vyumba havipigwi na vumbi. Utabishana kama jambo lenyewe lilikuwa halali, lakini hutabisha kwamba umefaidika.

FUNDI: Mwanangu, kuna siku nilikwenda kuyang'oa. Nilibeba drili na vijana watatu. Mlinzi ananijua, akafungua. Nikafika dirisha la kwanza, la chini, nikaweka ngazi. Ndani kuna mtoto anapiga mswaki. Akaniona, akanipungia mkono, povu limejaa mdomoni. Nikakunja ngazi.

WAKILI: Huyo mtoto alikuokoa na kesi ya jinai. Fremu ikishafungwa ukutani ni sehemu ya jengo, na jengo ni la mshitiri. Ungeandikiwa kuharibu mali. Ungekuwa na haki juu ya mzigo ambao haujafungwa, kama mkataba ungesema ni mali yako mpaka ulipwe. Wako hausemi.

MKADIRIAJI: Kuna nchi fundi haendi na ngazi. Marekani anaandikisha deni lake juu ya jengo lenyewe, na jengo halina amani mpaka alipwe. Maryland walipitisha sheria hiyo 1791, wakati mji wa Washington unajengwa. Na kwa majengo ya Serikali kuu, yasiyoweza kushikwa, tangu 1935 mkandarasi mkuu anatakiwa kuweka dhamana ya malipo kwa ajili ya wasaidizi wake na wauza vifaa. Sisi tunadai dhamana ya utekelezaji, inayomlinda mshitiri kazi isipokamilika. Dhamana ya kumlinda aliyekamilisha kazi haipo.

MKANDARASI MKUU: Dhamana ina bei, Mkadiriaji. Benki zinataka fedha taslimu au hati ya nyumba. Nyumba yangu imeshashikwa na dhamana ya utekelezaji. Ukiniongezea dhamana ya mafundi, kwanza bei ya zabuni inapanda, pili kazi hizi watabaki nazo wageni wenye mitaji mikubwa. Mtakuwa mmemlinda Mzee kwa kumfukuza anayempa kazi. Na siku 28 za sheria ya Waingereza, za mwamuzi kusema nani alipe, zinawezekana kwa sababu kule mshitiri analipa. Mnaniletea dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

WAKILI: Wasingetunga sheria kama wangekuwa wanalipana vizuri. Ripoti yao ya Latham ya 1994 ilitoka kwenye sekta iliyojaa ugomvi na wadai waliochoka. Sheria ilifuata, na kifungu kama chako ndicho kimojawapo kilichofutwa.

MKANDARASI MKUU: Basi niambieni na mimi. Nimdai vipi mshitiri? Nikitaka kuishitaki taasisi ya umma natoa notisi ya siku 90, namuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naenda Mahakama Kuu. Nikishinda, siwezi kupeleka dalali wa mahakama akabebe magari. Sheria hairuhusu kukaza hukumu namna hiyo kwa mali ya Serikali. Na nikishafanya hivyo, zabuni ijayo nani atanipa? Mzee ana mimi wa kumkamata. Mimi nina nani?

FUNDI: Una mkataba wenye riba. Uliniambia mwenyewe.

MKANDARASI MKUU: Nini?

FUNDI: Siku ile ya zege la ghorofa ya nne. Ulisema wakichelewesha wanakulipa riba juu. Ukacheka. Sasa hiyo riba inahesabiwa juu ya hati namba 7, na ndani ya hati namba 7 kuna madirisha yangu. Hela yangu inazaa kwako. Kwangu inazaa nini? Vijana wangu wawili walinipeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mshahara haujalipwa. Wana siku 60 za kulalamika, wakalalamika ndani ya siku 40, wakaitwa, wakasikilizwa, nikaamriwa. Nikauza gari langu la mzigo, Kirikuu. Kibarua wangu ana pa kwenda, wewe una pa kwenda japo ni mbali. Mimi niliye katikati, CMA wananiambia wewe si mfanyakazi, mshitiri ananiambia sikujui.

MKADIRIAJI: Mshitiri kusema hakujui, kisheria yuko sawa. Huna mkataba naye. Kwenye mikataba ya kimataifa ya ujenzi ya FIDIC ya 1999 kuna njia: mhandisi anaweza kumwambia mkandarasi mkuu alete ushahidi kwamba msaidizi amelipwa, na asipoleta, mshitiri anaweza kumlipa msaidizi moja kwa moja na kukata kwa mkuu. Lakini hiyo ni kwa msaidizi aliyeteuliwa na upande wa mshitiri. Wewe uliteuliwa na Injinia, kwa simu, siku ya Jumapili.

WAKILI: Njia nyingine zipo, sitaki uondoke ukidhani umefungiwa. Ukipata hukumu, fedha ambayo mshitiri anamdai, samahani, anadaiwa na Injinia inaweza kuombewa amri izuiwe hukohuko, ingawa kwa mshitiri wa umma utapigana na kinga ileile aliyoitaja. Unaweza kuomba mdaiwa awekwe gerezani kama mfungwa wa madai, ila chakula chake unalipia wewe.

FUNDI: Mimi nimlishe?

WAKILI: Wewe. Na unaweza kuipa kampuni notisi ya wiki tatu, isipolipa uombe ifungwe. Mawakili wengine wanaipenda kwa sababu inatisha. Mimi siishauri hapa. Akishasema zile milioni 3 anazibishia kwa nia njema, mahakama itakwambia kufunga kampuni si njia ya kukusanya deni lenye ubishi. Na kampuni ikifungwa kweli, utapanga mstari nyuma ya benki.

MKANDARASI MKUU: Mnaona? Mwisho wa yote ni mstari. Mzee, nina kazi nyingine naanza, Iringa, ghorofa mbili, aluminium tupu. Nilitaka nikupe wewe. Ukinipeleka mahakamani, unafikiri ofisi itakubali?

FUNDI: Hiyo ndiyo sheria mnayoitumia. Si Sura ya 345. Ni hiyo. Miaka 22 niko kwenye kazi hii, kila nikidai naonyeshwa kazi ya mbele. Ya Iringa naifanya kwa hela gani? Kirikuu nimeuza. Nitabeba fremu begani?

MKADIRIAJI: Mkimaliza kugombana, mwandikie mshitiri barua, Injinia. Muombe milioni 21 na laki mbili zilipwe moja kwa moja kwa Mzee hati namba 7 itakapotoka, na barua ieleze kwamba hutaifuta bila idhini yake. Mshitiri akikubali kwa maandishi, Mzee ana kitu mkononi.

FUNDI: Nina karatasi nyingine ya kusubiri.

MKANDARASI MKUU: Basi yaishe. Nakuandikia hundi tatu sasa hivi, za tarehe za mbele. Milioni 8 mwezi ujao, milioni 8 unaofuata, 5 na laki mbili wa tatu. Kesi hakuna.

WAKILI: Kabla hujaandika, ujue unaandika nini. Hundi ni ahadi inayosimama peke yake. Ikirudi benki, Mzee hahitaji kifungu cha 11 wala vipimo vya Mkadiriaji. Anafungua shauri la muhtasari Mahakama ya Wilaya, na wewe huruhusiwi hata kujitetea mpaka uombe ruhusa na kuonyesha una utetezi wa maana.

MKANDARASI MKUU: Ngoja kwanza. Nizungumze na mhasibu.

FUNDI: Kalamu iko mkononi mwako, Injinia. Mhasibu wa nini?

MKANDARASI MKUU: Kuna mambo ya mtiririko wa fedha, Mzee, si kwamba...

FUNDI: Dakika moja iliyopita mtiririko ulikuwepo. Umesikia neno benki, umekauka.

MKANDARASI MKUU: Naandika ya kwanza. Ya pili na ya tatu tuone hati namba 7.

FUNDI: Andika ya kwanza. Na jina la kampuni yangu liandike kama lilivyosajiliwa BRELA, herufi kwa herufi. Ile hundi ya milioni 16 mliruka "i" kwenye aluminium, benki wakairudisha, nikakaa siku 11.